Mlango Nilioufunga Siku ya Kimbunga

Dada Riziki wangu,

Nakusalimu kutoka nchi isiyo na mlima hata mmoja. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Goma, mtaani Mabanga, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa unakificha kwenye simu kimekwisha. Nilikisikia. Ulijifanya unacheka, lakini mimi nakijua kicheko chako. Hayo makaa unayouza, usiyapime wewe mwenyewe kila siku, mwachie mtu mwingine hilo vumbi walau mara moja moja. Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima. Nimelisema hilo mapema ili usisome barua nzima huku roho iko juu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani, wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Sababu ni Mama. Unajua anavyopenda simu iwekwe sauti kubwa, akae katikati yetu, ajibu hata maswali ambayo hakuulizwa. Kuna jambo siwezi kukuambia akiwa hapo, na saa zote yuko hapo. Basi Mama Noela, mwenzangu wa kanisani, anasafiri kwenda Kigali kumwona mamaye mgonjwa, halafu atavuka mpaka kuja Goma. Ameniahidi kuiweka barua kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, maana masanduku hupotea. Ukimwona mwanamke mrefu anayeongea kwa kelele ameshika bahasha, ndiye huyo. Mkaribishe chakula.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili ile Mama alikusimulia habari za kimbunga. Alikuambia kwamba upepo ulikuja, sisi na watoto tukashuka chini, yeye akabaki juu kwa kupenda, na kwamba ni yeye aliyeniambia nifunge mlango. Ukashukuru Mungu. Halafu ukaniita, "Furaha, uko?", nami nikasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Dada. Mama hakuniambia nifunge mlango. Niliufunga mwenyewe, yeye akiwa upande wa pili.

Wacha nikueleze kwa utaratibu, maana usipoijua nchi hii hutaelewa.

Hapa Nebraska ardhi ni kama meza. Ukisimama mlangoni unaona mahindi, na nyuma ya mahindi unaona mahindi mengine, mpaka mbingu zinapoishia. Hakuna kitu cha kuzuia upepo. Msimu wao wa joto unaanza wakati sisi huko kwetu tunaingia kiangazi, lakini wa kwao hauanzi kwa utulivu. Hewa ya moto yenye maji inapanda kutoka bahari ya kusini, hewa baridi inashuka kutoka milima ya mbali ya magharibi, na zikikutana zinapigana juu ya vichwa vyetu. Kuna bwana mmoja wa meteo, mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni, mwembamba, amevaa tai. Akiongea kawaida, watu wanaendelea kula. Akikunja mikono ya shati, watu wanaacha kijiko.

Kabla msimu haujaanza bwana huyo alitoa utabiri wa miezi yote. Alionyesha ramani ya nchi hizi za tambarare, nusu imepakwa rangi ya zambarau, nusu nyekundu. Akasema mwanzo utakuwa wa dhoruba: ngurumo, mvua ya mawe, na zile pepo za kuzunguka zinazong'oa mapaa. Halafu katikati ya msimu mvua itakatika ghafla, na joto litakaa juu yetu kama kifuniko juu ya sufuria, mchana na usiku, na wazee na watoto wachunge sana. Daniella alikuwa anamtafsiria bibi yake. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyu muzee ni nabii wa kanisa gani?" Tulicheka sana. Sikujua kwamba yote mawili, dhoruba na joto, yatanipeleka mahali pamoja.

Mahali penyewe ni chumba cha chini. Nyumba za huku zina chumba kilichochimbwa ardhini chini ya sakafu, unashuka kwa ngazi kutoka jikoni. King'ora cha mji kikilia, sheria ni moja tu: shuka chini, funga mlango wa ngazi, kaa mbali na madirisha. Na joto likija, huko huko ndiko kwenye ubaridi, maana mashine ya kupoza hewa ya nyumba yetu inakoroma tu bila kupoza. Mwenye nyumba anasema ataitengeneza tangu tulipohamia.

Mimi sheria hiyo naijua kuliko wengi. Nafua nguo kwenye nyumba ya wazee, na kila mwanzo wa msimu tunafanyishwa mazoezi. Tunasukuma vigari vyao mpaka ndani kabisa, tunawafunika mabega kwa blanketi, na msimamizi anapita chumba kwa chumba kuhakikisha hakuna mzee aliyebaki. Mwaka huu alinisifu mbele ya wote. Alisema Furaha haachi mtu nyuma.

Sasa, Mama na shimo. Wewe unakumbuka kuliko mimi, maana ulikuwa msichana mkubwa na mimi bado nilikuwa nabebwa mgongoni. Tulipotoka Masisi na kukaa upande wa ziwa la Lac Vert, tulikuta watu wa pale wanaogopa mabonde kuliko walivyoogopa chui. Walisema chini mule kuna mazuku, pumzi mbaya inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini, haina rangi, haina harufu, na mtu akiingia anaanguka kama aliyesinzia, asiamke tena. Asubuhi ile mbuzi wetu alishuka bondeni. Mjomba akamfuata, akaanguka. Baba akamwona shemeji yake amelala pale, akakimbia kumtoa, naye akaanguka. Mama alikuwa amesimama juu, akiwaita wapande. Mpaka leo akiona kisima huku, anavuka barabara.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwonyesha chumba cha chini, alisimama juu ya ngazi, akachungulia, akarudi kukaa jikoni.

"Mi siingiake mu shimo," alisema.

"Mama, huku hakuna mazuku. Ni chumba tu. Kuna taa, kuna hata kiti."

"Mazuku haionekanake. Wewe ulishaiona?"

Nikasema basi, nitamzoesha polepole. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini. Kila siku nilikuwa na haraka ya kwenda kazini.

Kimbunga kilikuja saa za jioni. Baba Daniella alikuwa zamu kwenye kiwanda cha nyama. Mbingu ziligeuka kijani, Dada, kijani kama maji ya kuchemshia sombe, majani ya muhogo, na kila kitu kikanyamaza. Kisha king'ora. Ukikisikia mara ya kwanza, miguu inataka kufanya kama Goma mlima wa moto unapoamka: chukua godoro, chukua watoto, toka nje, kimbia. Nilimshika Daniella na Moise, nikawasukuma ngazini. Nikarudi kumshika Mama mkono. Akashika mlango wa friji kwa mkono wa pili. Nilivuta. Ana nguvu yule mwanamke, ana nguvu za kulima kilima. Vipande vya barafu vilianza kupiga dirisha, na Moise akawa analia chini kwenye giza, umeme umekatika.

Nikamwachia Mama. Nikashuka.

Yeye akaja kusimama juu ya ngazi, akawa anapiga kelele: "Pandeni! Batoto, pandeni! Furaha, toa batoto mule!" Na mimi kutoka chini nikawa nampigia kelele: "Shuka, Mama! Shuka!" Yeye aliona tunakufa sisi. Mimi niliona anakufa yeye. Daniella akaanza kupanda kwenda kwa bibi yake, maana mtoto anatii sauti inayolia zaidi. Hapo ndipo nilipopanda mbio, nikampita Daniella, nikaufikia mlango. Mama alinyoosha mikono akidhani ninamletea watoto. Nilimwangalia usoni. Nikavuta mlango, nikaufunga, nikaweka komeo.

Alipiga ule mlango kwa viganja. Halafu upepo ukafika, na sikusikia tena kama anapiga.

Haukukaa muda mrefu. Ulipopita nilishindwa kufungua komeo, Daniella ndiye aliyefungua. Dirisha la jikoni lilikuwa limevunjika, majani ya mahindi yamebandikwa ukutani, na gereji ya jirani haikuwa na paa. Mama alikuwa amekaa sakafuni kando ya friji na rozari yake. Alikuwa na mkwaruzo wa kioo kwenye paji la uso, mdogo, ule aliokuambia kwamba ni wa tawi. Aliwaangalia watoto mmoja mmoja, akawashika vifua kuona kama wanapumua. Kisha akaniambia, "Aksanti Mungu."

Kesho yake jirani alikuja kuuliza hali, na Mama akamwambia Daniella amtafsirie: "Ni mimi nilimuambia afunge." Akamwambia padri vilevile. Akakuambia wewe. Kila anapolisema, ananitazama kidogo, kama mtu anayekufunika shuka wakati umejifanya umelala. Ingekuwa heri angenitukana. Ningepiga magoti, tungelia, yangekwisha. Lakini nitaombaje msamaha wa kosa ambalo mwenyewe amelichukua na kulivaa?

Nakumbuka siku ulipomsindikiza mpakani, kwenye grande barrière. Karatasi za kuja huku zilitoka za Mama peke yake, zako hazikutoka, na hukulalamika. Ulibeba begi lake kichwani mpaka walinzi walipokukatalia, kisha ukanipigia simu palepale barabarani ukasema, "Furaha, nakupatia Mama. Usimwache peke yake." Nikasema, "Dada, mimi tena?" Nilikuwa nimekasirika kidogo kwamba umeona haja ya kuniambia. Sasa naona haya. Wewe umebaki katika mji ambao kila siku una habari yake mpya, bila king'ora cha kukuonya jambo lolote, na Mama ningemwacha kwako, asingekaa upande wa pili wa mlango. Hilo nalijua.

Nilitaka kumalizia barua kwa ombi: umtumie Mama ujumbe wa sauti, umwambie ashuke. Wewe anakusikiliza. Bwana wa meteo amekunja tena mikono ya shati, anasema dhoruba nyingine zinakuja kabla ya joto. Mimi sina mdomo wa kumwambia ashuke. Kila nikianza neno hilo, naona viganja vyake.

*

Dada, barua ilikaa. Mama Noela aliahirisha safari, na katikati hapo mambo yametokea, kwa hiyo usitume tena ule ujumbe. Soma kwanza.

King'ora kililia tena, safari hii saa za mchana. Baba Daniella alikuwa kazini tena, utafikiri vimbunga vinaulizia ratiba yake. Niliwashusha watoto na tochi, nikamwambia Daniella asipande hata akisikia nini. Kisha nikapanda, nikakaa sakafuni karibu na Mama, kando ya lile friji. Sikuwa na mpango wowote, nilijua tu kwamba ule mlango siufungi mara ya pili.

Mama akageuka. "Unafanya nini hapa?"

"Ninabaki na wewe."

"Batoto beko na nani?"

"Beko wao wenyewe."

"Furaha. Una akili kweli? Batoto beko mu shimo bila mama yabo?"

"Kama wewe hushuki, mimi sishuki. Nimechoka, Mama."

Nilidhani atalia. Alinipiga kofi la bega, lile la zamani, la mtoto aliyemwaga maziwa. Akasimama. Akaenda chumbani kwake upepo ukianza kuvuma, mimi nikidhani ameenda kujifungia, akarudi na ule mshumaa wa Pasaka uliomwekea kwenye begi alipoondoka Goma. Alikuwa hajawahi kuuwasha. Alikuwa anautunza kwa siku ya kifo chake, ndivyo alivyoniambia.

"Nipe kiberiti."

Akauwasha. Akakifunga kitenge chake vizuri kiunoni na kusimama juu ya ngazi. Akainama, akaushika mshumaa chini, kwenye usawa wa goti.

"Baba yako hakushukaka mu bonde bila moto," alisema. "Kama moto inakufa, na mutu anakufa. Alikuwa anashika majani yenye kuwaka hivi, chini hivi, anaangalia. Siku moja tu alikimbia bila moto."

Hilo sikuwa nalijua, Dada. Wewe ulilijua? Miaka yote hii nilifikiri Baba alikuwa mzembe.

"Mi natangulia," Mama akasema. "Wewe unabaki hapa ku mulango. Hii buji mi nashika ikizimika, unaita batoto wapande, na unafunga. Usinifuate. Umesikia? Mutu asimufuate mwingine mule. Unafunga mulango."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Siku ile uliweza."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba anajua kuogelea. Mimi ndiye niliyeshika ukuta.

Akaanza kushuka. Ngazi moja, anasimama, anautazama moto. Ngazi nyingine, anasimama. Nje mahindi yalikuwa yanalala chini na kuinuka, na mimi nilisimama na komeo mkononi nikitazama mwanga mdogo ukienda chini pamoja na kisogo cha mama yetu. Katikati ya ngazi moto uliinama, upepo kutoka kwangu juu ndio uliousukuma, na Mama akanyoosha mkono wake nyuma, kiganja kimefunguka, kunizuia nisije. Moto ukasimama tena. Akaendelea. Moise alipomwona alisema, "Bibi ameleta keki!" Daniella akacheka mpaka akalia, mimi nikashuka, tukafunga mlango wote tukiwa upande mmoja.

Kimbunga kilipita mbali, upande wa mto. Hakikugusa hata bati. Tungekaa jikoni tusingepata lolote, na nilimwambia hivyo Mama baadaye. Akasema ni sawa, sasa shimo analijua.

Joto limefika kama alivyosema bwana wa meteo. Mahindi yamejikunja majani, lami inanata kwenye viatu, na usiku hakuna afadhali. Mama amehamia chini kabisa. Ameshusha godoro lake, picha ya Bikira Maria, na kiti cha jikoni ambacho sasa tunakikosa. Kila asubuhi anawasha kipande cha ule mshumaa, anakishika usawa wa goti, anazunguka pembe zote za chumba, anazima. Kisha ananiita niteremke kunywa chai kwenye ubaridi. Nimemnunulia mishumaa ya dukani, anasema haina nguvu. Ukipata mtu wa kuja huku, mtumie mmoja kama ule.

Nisalimie shemeji, mwambie mwaka ujao akilima maharage anikumbuke. Nisalimie Shangazi anayeuza samaki wa Vitshumbi, na yule katekista mzee aliyetufundisha kusoma, kama bado anaona. Wabusu watoto. Wewe mwenyewe, Dada, nakuinamia. Ukiona vigumu kunisamehe, usijibu haraka. Ukijibu haraka nitajua unanionea huruma tu.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye salamu, nimekaa huku chini kwa ajili ya joto, Mama alipoinuka kwenye godoro lake akaja nyuma yangu. Hasomi, lakini anajua jina lako likiandikwa.

"Unamuandikia Riziki nini hivyo, karatasi mingi?"

"Habari ya mlango, Mama."

Akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye harufu ya mshumaa.

"Muandikie ni mimi nilisema ufunge."

Nimeandika, Dada, maana siku ya kimbunga cha pili ni kweli, alisema. Ile ya kwanza nayo nimeiacha ilivyo. Zisome zote mbili, na Jumapili usiniulize kitu, niite tu jina.

Mdogo wako uliyemkabidhi Mama,

Furaha